Saa ya Ini: Namna Mdundo wa Siku na Wakati wa Kula Vinavyoongoza Udhihirikaji wa Jeni

Ikisiri

Ini la mamalia hutekeleza kazi tofauti kwa nyakati tofauti za siku. Maelfu ya jeni zake hupanda na kushuka kila baada ya saa 24. Makala hii inaeleza vyanzo viwili vya mdundo huo, yaani saa ya kimolekuli iliyo ndani ya kila seli ya ini na ratiba ya kula na kufunga, kisha inapima uzito wa kila kimoja kwa kutumia majaribio yaliyofanywa tangu mwaka 1998. Hoja kuu ni kwamba swali la chanzo kipi kinaongoza halina jibu moja kwa jeni zote. Aidha, makala inajadili istilahi chache za Kiswahili zinazohitajika katika taaluma hii, na inaonyesha kwamba namna Waswahili wanavyohesabu saa inalingana na kipimo cha wakati kinachotumiwa maabarani.

1.0 Utangulizi

Dereva wa lori amefika mpaka wa Malaba usiku, foleni haisogei, naye ameshuka kula wali na maharage saa nane. Macho yake yanaona giza, na ubongo wake unajua kwamba ni usiku. Tumbo limepokea chakula kana kwamba ni mchana. Je, ini lake linafuata habari ipi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini limewashughulisha wanabayolojia kwa zaidi ya miaka 20. Linawahusu wauguzi wa zamu za usiku, walinzi, waokaji mikate na madereva, na kwa namna nyingine linamhusu kila anayekula daku katika mwezi wa Ramadhani. Katika semi zetu, kukata maini ni kuumiza au kusisimua hisia za ndani kabisa. Katika fiziolojia, ini ni kiungo cha takribani kilo moja na nusu kinachohifadhi sukari, kutengeneza kolesteroli na asidi za nyongo, kuvunja sumu na dawa, na kuulisha mwili wakati tumbo ni tupu. Baadhi ya kazi hizo zinapingana. Seli inayojenga akiba ya glikojeni haiwezi, kwa faida yoyote, kuibomoa akiba hiyohiyo dakika ileile. Kuzitenganisha kazi hizo kwa wakati ndiko kulikozaa haja ya saa.

2.0 Kuhusu istilahi

Kwanza, neno saa lenyewe. Kiswahili hulitumia kwa chombo kinachopima wakati na pia kwa kipimo cha dakika 60. Katika makala hii, saa bila tarakimu ni utaratibu wa kibayolojia (saa ya ini, saa ya ubongo), na saa yenye tarakimu au jina la wakati ni kipimo.

Pili, udhihirikaji wa jeni. Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini. Kila seli ya mwili ina takribani jeni zote, lakini seli ya ini hutumia baadhi tu, tena kwa viwango vinavyobadilika. Maelekezo hunakiliwa kwanza kuwa RNA-ujumbe, hatua tunayoiita unukuzi. Kisha RNA hiyo husomwa na ribosomu na protini kutengenezwa, hatua inayoitwa tafsiri. Wanaisimu watatambua kwamba maneno hayo mawili yameazimwa kutoka katika uwanja wao. Wapo wanaoandika usemi wa jeni. Nimechagua udhihirikaji kwa kuwa jeni haisemi kitu. Kilichofichika ndani yake ndicho kinachojitokeza.

Tatu, na hili linastahili kukaziwa, ni jinsi wakati unavyohesabiwa maabarani. Watafiti wa midundo ya mwili hawaanzi kuhesabu saa sita ya usiku. Wanaanza sifuri pale taa za chumba cha wanyama zinapowashwa, yaani alfajiri ya maabara, na taa huzimwa saa 12 baadaye. Saa 1 ya maabara ni saa moja baada ya mwanga kuingia. Huo ndio mpangilio wa Kiswahili: hesabu ya saa za mchana huanza kwa mapambazuko, na saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Msomaji Mswahili akikutana na kipimo hicho katika jarida la kigeni hahitaji kufanya hesabu yoyote kwa saa za mchana. Hata mgawanyo wa saa 12 za mwanga na 12 za giza, ambao maabara za Ulaya hulazimika kuuiga kwa taa, ni hali ya kawaida ya mwaka mzima kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta.

3.0 Saa iliyo ndani ya seli

Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer walieleza nzi wa matunda watatu wenye kasoro za kurithi: mmoja siku yake ilikuwa ya saa 19, wa pili saa 28, na wa tatu hakuwa na mdundo kabisa. Kasoro zote tatu zilikuwa katika jeni moja, iliyoitwa period. Kazi ya kuichambua jeni hiyo na washirika wake iliwapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Kwa mamalia utaratibu ni wa aina hiyohiyo. Protini mbili, CLOCK na BMAL1, huungana na kushika sehemu maalumu za DNA, zikiamsha unukuzi wa jeni nyingi. Miongoni mwa jeni zinazoamshwa ni Per na Cry, ambazo protini zake hukusanyika polepole, huingia katika kiini cha seli na kuizuia CLOCK na BMAL1 zisifanye kazi. Uzalishaji wa PER na CRY unapokoma, zilizopo huharibiwa kidogo kidogo, kizuizi huondoka, na mzunguko huanza upya. Zamu nzima huchukua takribani saa 24. Kitanzi cha pili huimarisha cha kwanza: protini ya REV-ERB, nayo pia zao la CLOCK na BMAL1, huizima jeni ya Bmal1, ilhali ROR huiwasha.

Ukubwa wa athari ya protini hizi katika ini unaonekana katika utafiti wa Feng na wenzake (2011). REV-ERB inapokaa juu ya DNA huita kimeng'enya kiitwacho HDAC3, ambacho hukaza vifungo vya DNA na kuzinyamazisha jeni za karibu. Katika ini la panya, saa kumi jioni kwa hesabu ya mapambazuko, HDAC3 ilikutwa katika sehemu zaidi ya 14,000 za jenomu. Saa kumi alfajiri ilikutwa katika sehemu 120 tu. Nyingi kati ya jeni zilizohusika ni za kutengeneza mafuta, na HDAC3 ilipoondolewa, ini lilijaa mafuta.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba saa iko ubongoni peke yake, katika kundi la neva takribani 20,000 ndani ya haipothalamasi, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapokutana. Ni kweli kwamba kundi hilo hupokea habari za mwanga moja kwa moja kutoka jichoni, na likiharibiwa mnyama hupoteza mpangilio wa kulala na kuamka. Lakini mwaka 1998 Balsalobre, Damiola na Schibler, wakiwa Geneva, walionyesha kwamba hata seli za panya zilizokuzwa kwenye sahani za maabara zina saa inayotembea. Kuanzia hapo ilibidi kuuliza saa hizo za pembeni zinaambiwa na nani saa ngapi. Maandishi ya awali yaliieleza saa ya ubongo kuwa bwana na saa za viungo kuwa watumwa. Sitaihamishia tamathali hiyo katika Kiswahili. Mbali na ukakasi wake katika pwani yetu na maziwa yetu, matokeo yanayofuata yanaonyesha kuwa haielezi ukweli.

4.0 Chakula kinapobadilisha saa

Panya ni mnyama wa usiku. Akiachwa huru hula sehemu kubwa ya chakula chake gizani. Damiola na wenzake (2000) waliwapa panya chakula mchana tu. Baada ya siku kadhaa jeni za saa katika ini ziligeuka kabisa: zilizokuwa na kilele usiku zikawa na kilele mchana. Figo, moyo na kongosho vilifuata, japo kwa mwendo wa polepole zaidi kuliko ini. Saa ya ubongo haikusogea. Mwaka uliofuata Stokkan na wenzake walipata matokeo ya aina hiyohiyo, na kwao ini lilikuwa limesogea kwa takribani saa 10 ndani ya siku mbili tu. Ubongo ulikuwa katika usiku wake na ini katika mchana wake, ndani ya mwili mmoja.

Chakula huifikishaje habari hiyo kwa ini? Njia zinazofahamika ni zaidi ya moja. Mnyama akila, insulini hupanda, nayo huchochea seli kutengeneza protini za PER kwa wingi. Crosby na wenzake (2019) walionyesha kuwa hatua hii inatosha kuisogeza saa. Mnyama akifunga, nishati ya seli hupungua na kimeng'enya cha AMPK huamka; kimeng'enya hicho huitia CRY alama ya kuharibiwa (Lamia na wenzake, 2009), hivyo kizuizi kilichotajwa juu huondoka mapema. Kwa maneno mengine, insulini huongeza upande mmoja wa mizani ya saa na njaa hupunguza upande huohuo. Kipo pia kitanzi cha NAD, molekuli inayohitajika katika kuchoma chakula: saa huongoza utengenezaji wake, na kiwango chake nacho huathiri protini ya SIRT1 inayogusa saa. Joto la mwili, linalopanda mnyama anapokuwa macho na kushuka anapolala, huongeza neno lake.

Ubongo nao haukai kimya. Kwa kupitia tezi za adrenali hutuma homoni za jamii ya kotisoli kwa mpangilio wa kila siku. Le Minh na wenzake (2001) walibaini kwamba homoni hizo huizuia saa ya ini isigeuke haraka pale chakula kinapokuja wakati usio wake. Panya aliyerudishwa kula usiku hurekebika upesi, kwa sababu chakula na homoni vinasema jambo moja. Naliona hili kuwa la maana kuliko linavyopewa nafasi katika vitabu. Mlo mmoja wa saa nane usiku hauligeuzi ini la dereva wetu; mfululizo wa milo kama hiyo ndio unaoweza kulisogeza.

5.0 Mdundo wa jeni ni kazi ya nani?

Hadi hapa tumezungumzia saa kusogea. Swali gumu zaidi ni hili: maelfu ya jeni za ini zinapopanda na kushuka, zinafuata saa ya ini, au zinafuata chakula moja kwa moja, saa iwepo isiwepo?

Kornmann na wenzake (2007) walitengeneza panya ambao saa ya ini ingeweza kusimamishwa, kwa kuzilazimisha seli za ini zitoe REV-ERB bila kikomo. Dawa ya doksisaiklini ikiwekwa katika chakula saa ilitembea. Ikiondolewa, ilisimama, huku viungo vingine vikiendelea kama kawaida. Saa iliposimama, takribani asilimia 90 ya jeni zenye mdundo zilinyamaa. Zilizobaki zilikuwa chache, lakini miongoni mwao ilikuwemo Per2, jeni ya saa yenyewe, ikiendelea kupanda na kushuka kwa amri iliyotoka nje ya ini. Kwa jaribio hili peke yake mtu angehitimisha kwamba saa ya ini ndiyo inayoongoza karibu kila kitu.

Vollmers na wenzake (2009) walilipindua picha hiyo. Katika panya wa kawaida walihesabu karibu jeni 3,000 zenye mdundo katika ini. Panya hao walipofungishwa, zilibaki mia chache. Walipopewa chakula kwa saa maalumu za usiku, idadi ilipanda hadi karibu 5,000. Kisha wakachukua panya wasio na jeni za Cry, ambao saa yao haifanyi kazi kabisa. Walipokula ovyo, mdundo haukuonekana. Walipowekewa ratiba, mamia ya jeni zilianza kucheza kwa mpangilio wa saa 24 bila saa yoyote ndani yake. Greenwell na wenzake (2019) walikwenda kinyume: waliwachukua panya wenye saa nzima wakawalisha sehemu ndogo sawasawa mchana na usiku. Jeni za saa ziliendelea vizuri, lakini takribani asilimia 70 ya jeni nyingine zenye mdundo ziliupoteza.

Je, matokeo haya yanapingana? Kwa maoni yangu hayapingani, ila yalijibu maswali tofauti. Kornmann aliiondoa saa huku akiiacha ratiba ya kula. Greenwell aliiondoa ratiba huku akiiacha saa. Kila mmoja aliona hasara kubwa. Inafuata kwamba jeni nyingi zinahitaji vyote viwili, na kukosekana kwa kimojawapo kunatosha kuzinyamazisha. Koronowski na wenzake (2019) walilipima hilo kutoka upande wa tatu: waliwarudishia Bmal1 ini peke yake panya ambao mwili wote haukuwa na saa. Ini hilo lenye saa pweke liliokoa takribani asilimia 10 tu ya midundo yake, ikiwemo ya kuhifadhi na kutumia glikojeni, na hata hiyo ilitoweka panya walipowekwa katika giza la kudumu.

Msomaji asidhani pia kwamba mdundo wote huzaliwa katika unukuzi. Koike na wenzake (2012) walikuta kwamba ni takribani asilimia 22 tu ya RNA-ujumbe zenye mdundo zinazofuata unukuzi wenye mdundo. Nyingine huumbwa baadaye, kwa mfano kwa kasi ya kuharibiwa kwa RNA. Na baada ya RNA kuna tafsiri. Sinturel na wenzake (2017) walionyesha kwamba ini la panya anayekula usiku huongeza ukubwa kwa takribani asilimia 40 usiku na kupungua tena mchana, sambamba na kujengwa na kubomolewa kwa ribosomu. Chakula kilipohamishiwa mchana, kupanuka huko kulitoweka.

Hatari ya kuvuruga mpangilio huu inaonekana katika kazi ya Hatori na wenzake (2012). Panya waliopewa chakula chenye mafuta mengi bila kikomo cha wakati walinenepa na maini yao yakajaa mafuta. Wenzao waliokula chakula hichohicho, chenye nishati ileile, lakini ndani ya saa 8 za usiku, waliepuka sehemu kubwa ya madhara hayo.

6.0 Kutoka kwa panya hadi kwa mtu

Panya hula usiku, mtu hula mchana. Kwa hiyo panya anayelishwa mchana ndiye anayefanana na mlinzi wa usiku. Kugeuza matokeo kwa akili namna hii kuna mipaka. Ndiyo maana utafiti wa Mure na wenzake (2018) una thamani ya pekee, na una mizizi katika kanda yetu: nyani waliotumika, wa spishi Papio anubis, walikuwa katika taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani jijini Nairobi, na watafiti wa Kenya walishiriki. (Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa neno nyani linamtaja mnyama huyuhuyu.) Nyani 12 walichunguzwa, mmoja kwa kila saa mbili za siku, na tishu 64 za kila mmoja zikapimwa. Zaidi ya asilimia 80 ya jeni zinazotengeneza protini zilikuwa na mdundo katika tishu moja au zaidi. Katika panya, Zhang na wenzake (2014) walipata asilimia 43 kwa viungo 12, na ini ndilo lililoongoza.

Kwa binadamu haiwezekani kuchukua kipande cha ini kila baada ya saa mbili, hivyo ushahidi huja kwa njia ya mzunguko. Wehrens na wenzake (2017) waliwachelewesha vijana 10 milo yao yote kwa saa 5. Mdundo wa sukari katika damu ulichelewa kwa saa 5 na dakika arobaini hivi, na jeni ya PER2 katika tishu ya mafuta ilichelewa kwa takribani saa 1. Melatonini na kotisoli, alama za saa ya ubongo, hazikusogea. Chellappa na wenzake (2021) waliwaweka watu 19 katika mfano wa kazi za usiku. Waliokula pia usiku walipandisha wastani wa sukari ya damu kwa asilimia 6.4, waliokesha vilevile lakini wakala mchana tu hawakupandisha.

Upande wa dawa hauna budi kutajwa, kwa kuwa ini ndilo linalozivunja. Gachon na wenzake (2006) waliwaondolea panya protini tatu zinazopokea amri ya saa, ikiwemo DBP, na panya hao wakashindwa kuvunja baadhi ya dawa na sumu ipasavyo. Utengenezaji wa kolesteroli kwa binadamu hupanda usiku, na ndiyo sababu simvastatini, isiyodumu sana mwilini, huandikiwa jioni.

Hapa lugha inaingia tena katika tiba. Maelekezo ya Kiingereza yanayosema saa ya nane ya usiku kwa hesabu yao yana maana ya saa mbili usiku kwa yetu. Mfasiri akiihamisha tarakimu bila kuigeuza, mgonjwa atameza dawa au atakula mlo wake saa 6 baadaye, ambayo ni robo nzima ya mzunguko wa ini. Kosa hilohilo likiingia katika dodoso la ulaji, mtu aliyekula chajio saa mbili ataandikwa kuwa mlaji wa usiku wa manane, na hakuna hesabu ya kitakwimu itakayomrudisha mahali pake. Madodoso na vikaratasi vya dawa vinavyotolewa kwa Kiswahili katika nchi zetu vitaje wakati kwa namna mbili pamoja: saa mbili usiku, 20:00.